Kidagaa na Mita Mia Nne

Jumatatu, 2 Juni
Kocha anambania binti yangu! Orodha ya mashindano ya Jumamosi imebandikwa mlangoni pa bwawa la kuogelea. Kidagaa wangu, miaka kumi, miguu kama injini, kaandikwa mita hamsini. Binti wa mfamasia, mia nne. Nikamuuliza Kocha kulikoni. Akasema pumzi ya Kidagaa bado haijakomaa, apewe muda. Muda! Ananifundisha muda mimi, fundi saa! Nikatabasamu. Moyoni nimemfungulia faili.

Jumanne, 3 Juni
Nimeshinda kwenye benchi la wazazi, gazeti usoni. Saa kumi na robo mfamasia kampa Kocha bahasha. Nimeona kwa macho yangu! Mke wangu anasema ni cheti cha daktari, kila mtoto ametakiwa kupeleka. Nikauliza mbona cha Kidagaa hakijapelekwa. Akasema kimo kwenye koti langu tangu wiki iliyopita. Hilo ni suala jingine.

Jumatano, 4 Juni
Nimeenda kwa karani wa bwawa. Nikamwambia Kidagaa amehamishiwa mia nne. Akauliza kama Kocha anajua. Nikajibu Kocha anajua mambo mengi. Akafuta, akaandika. Dakika moja tu! Rahisi mno. Kwa nini hakubisha? Namshuku na yeye.

Alhamisi, 5 Juni
Nimempa Kidagaa habari njema wakati wa chakula. Akaweka kijiko chini. Akauliza ni kwenda na kurudi mara ngapi. Nne tu, mwanangu. Akasema hajawahi kupita moja. Nikamweleza kuwa moja anaiweza, basi nne ni hiyo hiyo moja ikirudiwa. Hesabu haina ubishi. Akaingia chumbani. Mama yake akauliza nimefanya nini. Nikasema nimemfungulia mtoto milango. Akaniuliza kama sikusikia ule uliobamizwa sasa hivi.

Ijumaa, 6 Juni
Kocha amepiga simu. Ameona jina. Hakufoka hata kidogo! Akasema si vizuri, lakini Kidagaa mwenyewe kamwambia hataki kuniangusha, kwa hiyo atakuwa karibu naye. Mtu asiyekasirika ana lake jambo.

Jumamosi, 7 Juni
Mita hamsini za kwanza, wa tatu! Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Kurudi, wa sita. Kisha wote wakamwacha. Katikati ya bwawa akashika kamba, akakohoa maji. Nikamgeukia mfamasia nimwone anavyocheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama, ameshavua viatu.

Kocha alikuwa kapiga magoti ukingoni. Sijui alimwambia nini. Kidagaa akaachia kamba, akaja polepole hadi ukutani, akavutwa nje. Watu wakapiga makofi. Nilipofika alikuwa amefunikwa taulo, meno yanagongana. Nikamwambia miwani ya kuogelea ndiyo iliyombana.

Akaniangalia. “Miwani iko sawa, Baba. Mimi ndiye sikuweza. Nilikuambia.”

Akaenda kukaa na mama yake. Nikabaki najifanya nakaza mkanda wa saa. Nikakosea tundu mara mbili. Nadhani ni baridi ya pale ndani.

Jumapili, 8 Juni
Asubuhi Kidagaa kaniletea karatasi. Kaandika mwenyewe: kuanzia leo mashindano atachagua yeye na Kocha, na mashindano yajayo ni mita hamsini. Kasaini. Mama yake kasaini. Kocha kasaini. Kikao kimefanyika bila mimi!

Nikamwomba radhi. Kwa dhati kabisa. Akanikumbatia. Nikasaini.

Jioni nimeisoma tena ile karatasi, taratibu, kwa lenzi ya kazini. Hamsini. Kwa nini hamsini? Mtu mzima kama Kocha hawezi kukubali kitu kidogo hivyo bure bure. Halafu ikanijia. Wanamficha! Aonekane wa hamsini, wapinzani wamdharau, kisha siku moja wamwibue kwenye mia nane! Kocha mjanja kweli, nilimdharau bure. Kesho nitaulizia kimyakimya mia nane inaandikishwa lini, wasije wakachelewa.

Wakati wa chakula nimemkonyeza Kidagaa kumwonyesha kuwa nimeelewa. Hakunikonyeza. Mtoto anajua kutunza siri huyu!