Kruzi ya Kapteni Stanslaus

Stanslaus Maganga alipandishwa cheo kuwa kapteni wa meli siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika mgahawa wa chai karibu na stendi ya Katoro. Aliyempandisha ni yeye mwenyewe. Alipoanza chapati ya kwanza alikuwa raia wa kawaida kutoka Shinyanga, mwenye historia ndefu ya kuuza viwanja ambavyo Mungu alikuwa bado hajaviumba. Alipomaliza ya pili, alikuwa ameshazunguka dunia mara saba.

Chanzo kilikuwa simu ya Mama Blessing. Huyu Mama Blessing, jina lake Generosa, alikuwa mnunuzi wa dhahabu mwenye mizani ndogo na macho makali, na asubuhi ile alikuwa akimwonyesha video Mzee Bujiku aliyekaa naye meza moja. Mzee Bujiku naye alikuwa mfugaji aliyechimba choo nyumbani kwake akakutana na dhahabu. Choo hakijajengwa hadi leo. Shimo lile limekuwa duara lenye wachimbaji arobaini, na mzee amekuwa tajiri asiyejua siku ianzie wapi.

Katika video kulikuwa na meli ya ghorofa kumi na tano. Juu yake kulikuwa na bwawa la kuogelea, yaani maji yamepanda juu ya maji.

"Hii inaitwa kruzi," alisema Mama Blessing.

"Kruza ninazo mbili," akajibu Mzee Bujiku. "Moja imekwama kwenye tope Ushirombo."

"Siyo kruza, baba. Kruzi. Unapanda meli, unakula, unalala, unashuka kwenye mji wa watu unatembea, unapanda tena."

"Halafu inakupeleka wapi?"

"Inakurudisha ulipopandia."

Mzee Bujiku aliweka kikombe chini. "Gete? Kweli unalipa hela zote hizo ili urudi ulipokuwa?"

"Ndiyo starehe yenyewe."

Stanslaus aliacha kutafuna. Kuna watu ambao husikia wito wa kuhubiri, na wengine wito wa kutibu. Yeye aliitwa na sauti ya mtu mwenye hela akiuliza swali la kijinga. Akajifuta mafuta vidoleni, akasimama, akaenda pale mezani kwa mwendo wa mtu aliyezoea sakafu inayoyumba.

"Shikamoo, mzee. Mama, habari ya asubuhi. Mnisamehe kwa kuingilia, ila mnazungumzia kazi yangu. Kapteni Stanslaus, mshauri wa safari za kruzi."

"Marahaba," alisema Mzee Bujiku. "Umewahi kupanda hiyo?"

"Mzee, mimi kulala kitanda kisichoyumba ndiyo tabu yangu."

Ukweli ni kwamba chombo kikubwa kuliko vyote alichowahi kupanda majini kilikuwa kivuko, na hata humo alikaa ndani ya basi na kufumba macho. Lakini mjanja wa kweli haogopi kutojua, mradi anayemsikiliza hajui zaidi yake. Akawaeleza kwamba kosa kubwa la watu ni kukimbilia tiketi kabla ya maandalizi, na kwamba Jumamosi ataendesha semina hapo hapo Katoro. Mzee Bujiku alilipia nafasi nne kabla chai haijapoa.

Siku zilizobaki Stanslaus alizitumia kusoma mtandaoni, na ajabu ya mambo ni kwamba ushauri alioutoa Jumamosi ile, ndani ya ukumbi wa gesti, ulikuwa wa kweli kabisa. Hakuwahi kusema kweli nyingi kiasi kile kwa siku moja, na koo lilimuuma. Mbele yake walikaa watu kumi na wawili, wenye maduara na wenye makarasha ya kusagia mawe. Yeye alivaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, alilolipata mnadani kwenye mitumba na ambalo zamani lilikuwa la mpiga tarumbeta. Pembeni yake alimketisha Ghati, mwanamke wa Kikurya mwenye mtumbwi mkubwa wa injini kule Chato. Alimtambulisha kama Afisa Mkuu wa Sitaha. Ghati alikuwa na daftari na aliandika kila kitu.

"Fika bandarini siku moja kabla," alisema Kapteni. "Dawa zako weka kwenye mkoba wa mkononi. Viatu viwe vya kutembea, siyo vya kuonyesha. Sasa tuje kwenye matembezi ya nchi kavu, maana hapa ndipo watu wanapolia. Ukishuka na matembezi ya kampuni, mkichelewa, meli inawasubiri. Ukijishukia kivyako ukachelewa, meli inaondoka."

"Hata kama naiona, naipungia mkono?" aliuliza Mzee Bujiku.

"Nayo itakupungia."

Kicheko kikapita ukumbini, na wote kumi na wawili wakalipia matembezi ya kampuni.

"Na mtu akiugua?" aliuliza Mama Blessing.

"Akizidiwa, anashushwa bandari ya karibu penye daktari. Meli inaendelea. Meli ni ya wengi, mama, siyo ya tumbo la mtu mmoja."

Ghati aliandika na kupiga mstari chini yake.

"Tena jioni kuna chakula na nahodha," aliendelea Stanslaus, akishusha sauti kama padri anayekaribia sadaka. "Watu huvaa. Huwezi kukaa meza ya nahodha shingo tupu. Leteni mikufu, leteni pete, mwenye jiwe lake la bahati alilete. Lakini mkishuka nchi kavu, msibebe hata hereni moja. Kila kitu kibaki melini, ndani ya sefu. Haya yote ni sheria ya bahari zote."

Baada ya hapo aliwatangazia kwamba, kabla ya kwenda kwenye meli kubwa, kutakuwa na kruzi ya mazoezi ya siku tatu katika Ziwa Victoria. Nauli ililipwa taslimu.

Alhamisi iliyofuata, mwaloni Chato, ufukweni panapotia nanga mitumbwi, wavuvi waliacha nyavu kushuhudia. Mtumbwi wa Ghati, uliozoea kubeba ndizi, ulikuwa umepakwa rangi nyeupe na kuandikwa FAHARI YA ZIWA. Ndani mlikuwa na viti vya plastiki kumi na vitatu, miamvuli miwili ya wauza vocha, na sefu ya chuma iliyofungwa minyororo kwenye ubao. Katikati lilikaa beseni kubwa la bluu lenye maji.

"Bwawa," alieleza Kapteni.

Mzee Bujiku alivua viatu, akatumbukiza miguu ndani ya beseni, akatazama ziwa lote lililomzunguka, akasema, "Wabeja, asante sana, Kapteni. Sasa nimeelewa."

Mchana walifika kisiwa cha Nyabugera, penye nyumba mia moja za mabati, zahanati, na dagaa walioanikwa hadi mlangoni mwa kanisa. Hapo ndipo palipopangwa matembezi ya kwanza. Abiria walipanga mstari mbele ya sefu, wakavua mikufu, pete na saa. Mzee Bujiku aliweka jiwe la dhahabu la ukubwa wa yai la kwale, lile la kwanza kutoka chooni. Mama Blessing aliweka kibegi cha ngozi bila kusema kilikuwa na nini. Stanslaus alifunga, akauning'iniza ufunguo shingoni, akawapungia mkono hadi wa mwisho akapotea nyuma ya dagaa.

Kisha akageuka. "Ghati, washa injini."

Ghati alikuwa akikaza kamba. "Kwenda wapi?"

"Chato."

"Abiria je?"

"Achana na abiria. Nitakuongezea."

Ghati alitoa daftari, akalamba kidole, akafunua ukurasa. "'Ukishuka na matembezi ya kampuni, mkichelewa, meli inawasubiri.' Wote wamelipia ya kampuni. Tena hawajachelewa."

"Ghati, yale yalikuwa maneno ya semina!"

"Ulisema ni sheria ya bahari zote."

"Hili ni ziwa!"

"Basi sheria imetosha na kubaki," alisema Ghati, na akaketi juu ya injini.

Stanslaus alimbembeleza, akamtisha, akamtajia fungu la nauli zote lililokuwa ndani ya sefu. Ghati alisema kwamba yeye amebeba ndizi miaka ishirini bila mtu kumfundisha kazi yake, na siku amepata wa kumfundisha hataki kuharibu. Tapeli anaweza kumshinda mlafi, anaweza kumshinda mjinga, na akijitahidi humshinda hakimu. Mtu anayeamini kila alichoambiwa hana pa kumshikia.

Ndipo Stanslaus akakumbuka kwamba kuna jambo moja linaloweza kukihamisha chombo. Akashika tumbo, akapiga ukelele, akaanguka kando ya beseni. "Nakufa, Ghati! Nipeleke Chato hospitali!"

Ghati alifunua ukurasa mwingine. Alisoma kwa makini. Kisha akawaita wabeba dagaa wanne.

Dakika kumi baadaye Kapteni alikuwa kitandani kwenye zahanati ya kisiwa, mbele ya Nesi Agnetha, mama wa makamo ambaye hakupenda wagonjwa wanaojieleza sana.

"Inauma hapa?"

"Kila mahali! Nipeni rufaa ya Chato, haraka!"

"Anayepiga kelele hivi ana nguvu," alisema Nesi Agnetha. "Nitakuchoma sindano ya maumivu, halafu tuone."

Sindano ilikuwa ndefu. Stanslaus aliona njia ya heshima iliyobaki ni kuzimia, akazimia. Alilegeza shingo, akaacha mdomo wazi, akazimia kwa ufundi hata nesi akabadili uso na kumtundikia dripu.

Katika hali hiyo abiria walimkuta. Saa tisa kamili walirudi mwaloni, Ghati akawapa habari, wakaja wote kumi na wawili wakazunguka kitanda. Mzee Bujiku alivua kofia na kuongoza sala, akimwomba Mungu amponye mtumishi wake aliyewafungulia macho. Stanslaus, nyuma ya kope, alisikia kitu kama aibu kikimpanda kifuani. Alikihimili, maana alijua hupita.

Watu walipotoka, alibaki mmoja. Alisikia pumzi karibu na sikio lake, na harufu ya mafuta ya nywele ya Mama Blessing.

"Pumzika, Kapteni," alinong'ona. "Mimi nimepima dhahabu miaka kumi na minane. Shaba naijua hata ikiwa imelala."

Mkono laini ukapita shingoni mwake na kuondoka na ufunguo. Ukapita mfuko wa shati na kuondoka na mhuri wa kampuni, pamoja na kitabu cha tiketi za meli kubwa ambazo, kwa haraka ya biashara, alikuwa amezisaini zote mapema. Stanslaus alitaka kupiga yowe. Lakini mtu aliyezimia ana haki gani ya kukataa? Akifumbua macho atasemaje, na nesi yuko chumba cha pili anasafisha sindano nyingine? Akabaki amezimia, jasho likimtiririka, akisikiliza hatua zikienda. Kisha injini ya Ghati ikaunguruma mwaloni. Meli ilikuwa ya wengi.

Alipofumbua macho, FAHARI YA ZIWA ilikuwa kidoti cheupe.

"Umepona haraka," alisema Nesi Agnetha, na akamwachia dripu iishe.

Alikaa kisiwani siku sita. Mtandao wa simu haukuwepo, nauli hakuwa nayo, na chombo cha kwanza kuondoka kilikuwa cha dagaa. Alipanda juu ya magunia, amefumba macho njia nzima. Kule mwaloni Chato alimkuta Ghati akisugua mtumbwi.

"Umepona, Kapteni! Watu walifurahi, sijaona mfano. Tuliona viboko. Mama Blessing aliendesha matembezi yote mwenyewe, anajua kusema yule. Tulipofika alifungua sefu mbele ya kila mtu, kila mmoja akapewa chake hadi pete ya mwisho. Watu walilia."

Stanslaus alihisi pumzi ikirudi. "Na lile fungu la nauli?"

"Alinilipa mimi changu. Lililobaki alisema anakuletea zahanati." Ghati akamtazama. "Hakufika?"

Kabla Stanslaus hajajibu, simu yake ilipata mtandao ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Ujumbe hamsini na tisa. Kisha ikaita.

"Mwangaluka, Kapteni!" Ilikuwa sauti ya Mzee Bujiku, na nyuma yake palikuwa na kelele za umati. "Umeamka! Mungu mkubwa!"

"Nimeamka, mzee. Mko wapi?"

"Tuko Isaka, bandarini. Watu arobaini na sita! Baada ya kurudishiwa vitu vyetu nani angekaa nyuma? Nimeuza ng'ombe, nimeleta ukoo mzima wa mke wangu Limi. Mama Blessing ametuuzia tiketi za meli kubwa, zina mhuri wako na saini yako."

Stanslaus akaketi juu ya ubao. "Mama Blessing mwenyewe yuko hapo?"

"Alitangulia juzi kuiongoza meli, simu yake imezimwa. Lakini usijali, kuna askari wawili wamekuja kukaa nasi. Wana heshima sana, wanakuulizia wewe kwa jina." Sauti ya mzee ikashuka, kama mtu asiyetaka kuonekana mshamba mbele ya wenzake. "Ila Kapteni, kuna jambo moja. Hapa tunaona malori, makontena na reli. Mlinzi wa getini anasema hii ni bandari kavu. Sasa watu wananiuliza nami sina jibu: maji yanafunguliwa saa ngapi?"