Zamu za Sauti Katika Ghala la Jibini

Jumatatu, 9 Juni
Wivu ni mbaya, najua. Lakini Niyigena anauchokoza! Mama Uwamwezi, mwenye ghala letu la jibini hapa mlimani juu ya mji wa Sake, amempa yeye kupanga zamu za vipaza sauti vya darini. Vinapiga sauti ambayo sikio la mtu halisikii, kibati cha kunasa sauti kwenye toroli kinaipokea, na ordinateri, ile kompyuta ya ofisini, inaonyesha toroli la jibini liko wapi. Mimi nimepewa ngazi niishike. Ngazi! Mimi Déo niliyesoma elektronike Goma! Na Ijumaa Mama atamtangaza mkuu wa ghala.

Jumanne, 10 Juni
Nimemuuliza Niyigena mbona vipaza vyake vinangoja sana kati ya sauti na sauti. Akasema kuta zetu ni za mawe, mwangwi unakawia. "Moja iseme, sauti yake ikufe, njo ingine iseme." Utadhani yuko kwaya. Na kwaya pia anaiongoza yeye! Mama akafurahi, akamkatia kipande cha jibini iliyokomaa. Mimi nikapewa maganda. Nimeyala. Machungu.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata! Kungojana ni kwa wazembe. Walipokwenda kula bugali, niliingia ofisini nikapunguza ule muda wa kungoja, nikaacha kidogo sana. Sasa vipaza vinafuatana upesi kama mvua juu ya mabati. Mama ataona nani fundi.

Ijumaa, 13 Juni
Siku mbaya. Papa Munyakazi, mnunuzi mkubwa wa Goma, amefika. Mama akafungua ordinateri amwonyeshe toroli lenye jibini yake. Nikawahi kutangaza mbele ya wote kwamba kasi hii ni yangu, si ya Niyigena. Haraka yangu! Alama ya toroli kwenye ordinateri ikaruka ukuta, ikatoka nje, ikavuka uwanja, ikatulia chooni.

Papa Munyakazi akavua kofia. "Mama, fromaji yangu iko mu choo?"

Nilisema huenda mtu amelisukuma huko. Hakuna aliyecheka. Niyigena akaeleza kwamba sauti zimeingiliana na mwangwi, mashine haijui tena ipi ni ipi. Akarudisha muda wake. Alama ikarudi ghalani, pale toroli lenyewe liliposimama. Papa akanunua, akamshika Niyigena mkono kwa mikono yake miwili. Wangu haukushikwa na mtu.

Jumamosi, 14 Juni
Niyigena ndiye mkuu. Anatembea akichezesha funguo makusudi, nizisikie. Roho inaniuma, sifichi.

Lakini Mama bado ananiheshimu! Amenivisha shingoni kibati kama kile cha toroli, alama yangu ionekane kwenye ordinateri popote niendapo. Akasema: "Déo, nataka nikuwe naona kila saa fasi uko." Niyigena hana kibati. Karani wa ofisini hana. Ni mimi peke yangu! Bila shaka Niyigena hatalala kwa wivu.

Jumatatu, wakienda kula, nitaingia tena ofisini na kibati changu shingoni, niondoe kungoja kote. Safari hii nitanyata. Hakuna atakayejua nilikuwa wapi.