Msumari wa Sinia la Bibi

Jumapili, 14 Desemba

Nimepigilia msumari. Sebuleni, juu ya kochi, mahali ambapo kila anayeingia atauona kabla hata ya kusalimia. Msumari wa inchi nne! Mke wangu aliuliza natundika nini. Nikamwambia sinia la bibi. Akasema sinia la bibi liko kwa Shangazi. Nikamwambia ndiyo, kwa siku saba tu.

Mambo yako hivi. Jumapili ijayo ukoo mzima unakuja kwangu kwa mkusanyiko wa mwisho wa mwaka. Watu ishirini na sita. Shangazi, dada wa marehemu baba, ametangaza kwamba miguu imechoka na mwaka huu anakabidhi sinia la shaba aliloachiwa na mama yake. Litakwenda kwa nyumba inayolisha ukoo kwa mikono yake yenyewe. Si kununua, si kuagiza. Mikono! Mwaka jana ilikuwa zamu ya Shemeji, mke wa mdogo wangu, na watu walijilamba vidole mpaka nikaona aibu kwa niaba yao. Mwaka huu zamu yangu. Wengine hawana nafasi ya kupokea watu wengi hivyo. Kwa hiyo ni mimi au yeye.

Niseme kweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Sinia lile lina bonde ukingoni. Ni mimi niliyelibonyeza. Nilikuwa na miaka saba, nikaliangusha na wali wote. Bibi hakunigombeza. Alisema sasa hata likipotea atalijua. Nalitaka sinia lile. Nalitaka kuliko nilivyowahi kutaka cheo chochote.

Jioni nikampigia Shangazi simu. Nikajikuta nimemwambia kwamba hata keki nitaioka mwenyewe. Shangazi akauliza kama mke wangu anajua. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema sasa anajua. Akaongeza kwamba wali na nyama atapika yeye, kwa sababu hataki kuwahudumia shemeji zake wodini, lakini keki apike mwenye ulimi. Haya. Sijawahi kuoka keki. Lakini nimekula nyingi.

Jumatatu, 15 Desemba

Mapambo kwanza. Mtu akiingia akakuta nyumba imepambwa, nusu ya njaa inaisha.

Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na tisa huu. Kazini kuna rundo la majalada ya zamani yanayosubiri kuchomwa. Ya kijani, ya njano, ya waridi. Rangi zote hizo zichomwe? Nimeyaokoa. Nimeyakata vipande vyembamba, nimegandisha pete kwa pete, minyororo mita arobaini. Gundi nimepika mwenyewe kwa unga. Watu wengine huishia hapo. Mimi nikafikiri: sukari inanata. Nikaongeza sukari vikombe viwili. Akili ni mali!

Saa moja jioni minyororo yote iko juu. Sebule inang'aa. Shemeji mwaka jana alikuwa na vitambaa vya kufuma tu. Maskini.

Jumanne, 16 Desemba

Sisimizi.

Wametoka wapi? Kila mahali. Walikuwa wanapita juu ya minyororo kwa mstari, wanapishana kwa adabu. Mke wangu alisema hana la kusema. Akalisema kwa dakika ishirini.

Sikutetereka. Nilichukua brashi, nikaipaka minyororo yote mafuta ya taa. Sisimizi waliondoka. Mke wangu naye aliondoka, yuko kibarazani na kiti chake.

Mchana nikaoka keki ya kwanza. Napenda vitu viumuke, kwa hiyo niliweka hamira vijiko sita. Iliumuka mpaka ikafungua mlango wa oveni yenyewe. Nje mkaa, ndani uji. Nikawapa kuku wa jirani. Jogoo alikuja, akaitazama, akaondoka na familia yake. Jirani mwenyewe, fundi seremala, aliomba kipande kikubwa. Nilifurahi sana. Baadaye nikaona amekiweka chini ya mguu wa benchi lake la kazi lililokuwa linayumba. Anasema sasa limetulia.

Jumatano, 17 Desemba

Nimekwenda kupeleleza. Kisingizio: kuazima chekeche la unga.

Nilimkuta Shemeji jikoni, unga mpaka viwikoni. Siku ya Jumatano! Trei nne za mayai. Oveni mbili zinawaka. Daftari fulani mezani, aliponiona akalifunika kwa kitambaa. Nikaelewa papo hapo. Anafanya mazoezi kwa siri, anaogopa keki yangu. Mfa maji haachi kutapatapa.

Aliuliza kwa upole maandalizi yanaendeleaje. Nikasema keki karibu inajioka. Akasema nikikwama nisione haya, mimi ni shemeji yake, mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Nikamjibu kwamba mimi ninayo miwili. Nikaondoka na chekeche na huruma kidogo.

Keki ya pili haikuumuka kabisa. Ya tatu sitaki kuizungumzia.

Alhamisi, 18 Desemba

Siku kubwa! Leo nimepata njia.

Nyuma ya ofisi yetu kuna kichochoro cha mafundi viatu, na mwisho wake duka la mikate. Dirishani nikaona keki moja nzuri mpaka nikasimama. Kibao kimeandikwa kwa mkono: keki za nyumbani, kwa oda. Muuza mikate, mtu mwenye penseli sikioni, akanieleza kwamba keki zinaokwa na mama mmoja nyumbani kwake. Jina halitaji. Mama huyo hataki ndugu zake wajue, wasije wakaanza kuagiza za bure. Nikamsifu sana mama huyo. Ndugu ni mzigo.

Sasa sikiliza akili yangu. Mjinga angeagiza keki nzuri, akakamatwa. Keki nzuri mno ingenisaliti. Nikamwambia muuza mikate aandike maelekezo: keki iinamie kidogo upande wa kushoto. Krimu isipakwe sawasawa. Na juu, katikati, iwekwe alama ya kidole gumba, kama ya mpishi aliyekuwa anajaribu kama krimu imeshika. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akaandika yote. Jina nikasema aweke Mteja, basi.

Dhamiri iko salama. Shangazi alisema mikono. Hakusema ya nani.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimepumzika. Nimejifunza mbele ya kioo kusimama kama mtu aliyechoka kuoka. Mkono kiunoni, pumzi ndefu, tabasamu dogo. Inaniingia vizuri.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimeichukua! Nimeileta kwenye boksi la viatu vya mvua, nikaipitisha dirisha la jikoni mke wangu akiwa uani anachambua mchele.

Inapendeza kwa ubaya wake. Imeinama palepale nilipotaka. Krimu imevimba hapa, imepwaya pale. Na katikati, kidole gumba kimoja safi. Nilikaribia kutoa machozi. Mama yule ni fundi, popote alipo.

Kisha nikawasha oveni tupu, nikajimwagia unga kwenye aproni, nikagonga masufuria kwa saa nzima. Mke wangu akaingia, akanusa hewa, akasema ni ajabu keki imeiva bila harufu. Nikamwambia chema chajiuza, hakina haja ya kunukia. Alinitazama kama anavyowatazama wagonjwa wanaosema wamemeza dawa zote.

Jumapili, 21 Desemba

Naandika jioni, wageni wameondoka. Naandika polepole.

Walianza kuingia saa sita. Shangazi aliingia na fimbo yake, sinia limefungwa kwenye shuka mgongoni mwa binti yake. Jambo la kwanza aliuliza ni nani anatengeneza jiko la mafuta humu ndani. Madirisha yakafunguliwa. Mdogo wangu akasimama chini ya minyororo, akaanza kusoma pete kwa sauti. Moja ilisema SIRI. Nyingine ilisema amekataliwa likizo ya dharura. Watu wakacheka. Nikacheka nao, nikawaambia ndiyo sanaa ya siku hizi.

Wali na nyama za mke wangu ziliwanyamazisha wote. Ukoo wetu ukinyamaza, ujue chakula kimefaulu. Nilipokea sifa kwa niaba ya nyumba.

Kisha keki. Niliibeba mwenyewe. Mkono kiunoni nilishindwa, lakini pumzi ndefu nilitoa. Nikawasimulia nilivyoamka alfajiri na mapema. Shemeji alikuwa anakunywa maji. Alipoiona keki, maji yakampalia. Mdogo wangu akampiga mgongoni. Alipopata sauti akaniuliza, kwa adabu kabisa, nimefanyaje ikainama vile. Nikamwambia siri iko kwenye kiwiko. Akauliza nimetumia mayai mangapi. Nikasema arobaini. Maji yakampalia tena, na wakati huo alikuwa hanywi.

Shangazi akavaa miwani. Akainama juu ya keki. Akauliza kidole hiki cha nani.

Nikasema changu. Kwa fahari! Nikaeleza kwamba ndivyo sisi wapishi tunavyoijaribu krimu.

Akasema nilete kidole.

Miaka kumi na tisa ya kugonga mihuri. Gumba langu ni kama kizibo cha mtungi. Nililiweka juu ya ile alama, na alama ikapotea yote chini yake, gumba likazidi pande zote. Nikasema krimu husinyaa ikipoa.

Shangazi akamwita mke wangu alete lake. Lilikuwa refu mno. Binti yake, jembamba. Basi ukoo ukapanga foleni, wanacheka, kila mtu anajaribu gumba lake hewani juu ya keki yangu. Mdogo wangu alijaribu mara mbili. Mtu mmoja tu hakusimama. Shemeji alikuwa amekalia mikono yake.

Shangazi akamwambia, mwanangu, njoo.

Likaingia sawasawa.

Shemeji alisema yote macho yakiwa chini. Ndiye anayeliokea lile duka. Oda ilipomfikia na maelekezo yake alidhani mteja si mzima wa akili. Hakujua ni mimi mpaka keki ilipoingia sebuleni, na angekufa nayo moyoni kama asingeitwa. Akamwomba Shangazi asinihukumu, kwa sababu mapambo nimeyahangaikia kweli. Afadhali angenitukana. Mdogo wangu alikuwa ameanguka kutoka kwenye stuli, hawezi kuinuka kwa kicheko.

Shangazi alifungua shuka, akatoa sinia, akaliweka mapajani mwa Shemeji. Akasema mikono inayolisha ukoo ni hii, hata katika nyumba ya mwenzake. Nikajikuta napiga makofi. Mimi!

Halafu akanivuta mkono, ule wenye krimu. Akalishika gumba langu, akalikandamiza kwenye bonde la ukingoni mwa sinia. Lilienea pale kabisa. Akasema hii ndiyo alama yangu, nami sikuagiza mtu aniwekee, na popote sinia litakapotundikwa, pale ni pangu.

Nilikwenda jikoni kuangalia kitunguu. Hakukuwa na kitunguu. Nililia tu, kidogo, kisha nikanawa uso.

Keki iliisha yote. Ilikuwa tamu sana.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimeamka mtu mpya. Nimeyatafakari ya jana kwa makini, kama mtu mzima anavyopaswa, na nimeliona kosa langu. Lilikuwa kosa la vipimo.

Mpango ulikuwa mzuri. Kuinama, kuzuri. Krimu, nzuri. Shangazi hakutilia shaka kitu kingine chochote ila kidole. Kwa hiyo asubuhi kazini nimebonyeza gumba langu kwenye kidau cha wino, nikapiga alama kwenye karatasi nyeupe, nakala tano, nikazigonga muhuri wa nakala halisi.

Shangazi anatimiza miaka themanini mwezi wa tatu. Nimeshampigia simu kumwambia aje asherehekee kwangu, na keki nitaioka mwenyewe. Alinyamaza kwa muda mrefu. Nadhani aliguswa. Akauliza kama mke wangu anajua. Kutoka nyuma yangu mke wangu akasema sasa anajua.

Msumari haukai bure. Chekeche la Shemeji sijalirudisha, basi nimelitundika pale. Ukisimama mlangoni ukafumba jicho moja, ni sinia kabisa.

Mchana nilipitia kichochoroni. Nikamkabidhi muuza mikate karatasi ya gumba, nikamwambia mama yule afuate kipimo hiki hiki, asipunguze hata unywele. Na nimekuwa mwangalifu. Safari hii jina nimeandikisha Mteja wa Pili. Shemeji hawezi kujua.