Pilau ya Wahojiwa

Jumatatu, 12 Mei

Nimepigwa na butwaa. Domla Hulkar, msimamizi wa tasnifu yangu ya uzamili, amewakataa wahojiwa wangu wote. Wote! Watu niliowatunga mwenyewe kwa jasho langu, kila mmoja na umri wake na kazi yake. Eti inakuwaje bibi mfuma hariri, dereva wa teksi na imamu wote washabikie timu moja ya mpira, na wote wasipende vitunguu? Nikasema mji wetu wa Margilani ni mdogo. Akavua miwani.

"Murodilla, Ijumaa asubuhi niletee madodoso yaliyojazwa na watu wanaopumua. La sivyo nakufuta kwenye orodha ya watakaotetea tasnifu, urudi mwakani."

Mwakani! Baba ameshalitangazia soko zima kwamba mwanawe ni msomi wa Usimamizi wa Ubunifu na Ujasiriamali. Hakuna aliyeelewa ni kazi gani, ndiyo maana wanamheshimu. Nikifeli, atauza vitambaa vyake akiwa amejifunika uso.

Tasnifu inahusu programu ya simu ya kuagizia mikate ya tanuri, watu wasipange foleni. Programu yenyewe bado haipo. Huo ndio ubunifu.

Jumanne, 13 Mei

Mlango kwa mlango. Mlango wa kwanza, mama mmoja aliuliza kama natoka ofisi ya gesi. Nikasema hapana. Akafunga. Mlango wa pili nikawahi kusema natoka ofisi ya gesi. Nikamwagiwa maji ya vyombo!

Nikaenda kwenye foleni ya mikate. Huko wakacheka. Wakasema foleni ndiyo wanayoifuata, mkate ni kisingizio. Wasipopanga foleni watajuaje nani kaposa na nani karudi kwao? Hilo sikuliandika. Linaharibu tasnifu.

Nikakutana na Javlon, tunasoma darasa moja. Amemaliza! Tasnifu yake ya wafuma hariri imeshajalidiwa. Eti alikaa na wafumaji miezi mitatu akiwasikiliza. Miezi mitatu! Mtu hana werevu hata kidogo.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata! Mtaani kwetu hakuna anayefungulia dodoso, ila hajazaliwa anayekataa pilau. Pilau ya alfajiri! Wanaume wote huja, hula, huondoka kabla ya kazi. Kati ya kula na kuondoka, nawapa kalamu.

Nyumba ni yangu. Bibi Sabohat yuko sanatoria, nyumba ya matibabu na mapumziko, wiki ya pili, magoti yake yanapakwa tope. Mama yuko naye, baba ameondoka leo kwenda kuwachukua. Watarudi kesho mchana. Nyama ya kondoo imejaa kwenye friza, baba alikuwa anawawekea wageni. Wahojiwa si wageni?

Nikawaandikia majirani wote kwenye simu: kesho alfajiri kuna pilau kwetu, karibuni. Sababu sikutaja. Mjasiriamali hafichui bidhaa mapema.

Ajabu! Wamejibu wote. Wengine wameleta benchi na masamovari ya kuchemshia chai bila kuombwa. Mpishi Hikmat aliuliza kuna nini nyumbani, nikamwambia atajua kesho. Akanitazama kwa huruma, akanishika bega, akakataa malipo. Kumbe elimu bado ina heshima nchini.

Alhamisi, 15 Mei

Naandikia ghalani, mlango nimeukomea kwa ndani.

Walikuja kabla jua halijatoka, kofia vichwani, sauti za chini. Mzee Hoshim, mwenyekiti wa mtaa, alinikumbatia na kuomba dua ndefu. Nikaitikia amina kwa nguvu zote. Wakala kimya. Nikagawa madodoso. Wakatazamana, lakini wakajaza. Wote! Hakuna hata mmoja aliyeuliza ya nini. Nilitaka kuruka.

Nikaokota moja. "Je, uko tayari kubadili mazoea yako?" Jibu: Sote tutafuata njia hiyo. Nikaona vizuri. Nikasoma maoni: Poleni sana, Bibi Sabohat alikuwa mwanamke wa watu. La pili: Mungu amrehemu bibi. La tatu: poleni. La nne...

Lahaula! Pilau ya alfajiri ni ya harusi au ya msiba. Nimezaliwa hapa, nimeila tangu sina meno, na sikuwaza! Harusi ingejulikana mwezi mzima kabla, na bibi hajaonekana wiki mbili. Walidhani amefia sanatoria na kuzikwa huko huko.

Nikakimbilia getini niwaeleze. Gari la baba hilo hapo! Hakusubiri mchana. Akaona wanaume wamejipanga nje na kofia zao, kama ilivyo msibani. Mama yake yuko kiti cha nyuma, mke wake kando yake. Aliyebaki nyumbani ni mmoja tu.

"Murodilla!" Akaanguka magoti barabarani. "Murodilla wangu! Mtoto mwenye akili kama yule!"

Hajawahi kusema hivyo. Kwa kweli machozi yalinitoka. Nilisimama nyuma ya geti nisikie kama ataongeza. Bibi akateremka, akauliza nani kafa. Mzee Hoshim akasema, "Wewe, mama," kisha akakaa chini palepale. Mimi nikatokeza na kalamu mkononi.

Baba akafuta machozi. Akavua kiatu.

Ijumaa, 16 Mei

Domla Hulkar amesoma madodoso yote. Kisha akauliza ni wapi wahojiwa wanaongelea mikate. Nikamwonyesha mmoja aliyeandika kwamba marehemu alikanda unga vizuri.

Jina limefutwa. Mwakani.

Nyumbani baba haniongeleshi. Anamwambia mama, mama ananiambia. Nyama yote imeliwa, sokoni hakanyagi. Bibi peke yake ana furaha: anataka asomewe maoni tena, na kuna jirani mmoja aliyeandika sentensi fupi ambaye hamsalimii sasa. Hukumu ya baba, kupitia mama: nipite kila nyumba ya mtaa, niinamishe kichwa, niombe radhi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeanza kwa Mzee Hoshim. Sikuamini! Geti lilifunguliwa kabla sijagonga mara ya pili. Nikaketishwa pa heshima. Chai, mkate, zabibu kavu. Mzee akasema kijana anayeomba radhi hafukuzwi, nikae kadiri nipendavyo. Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu walinibembeleza nisiondoke.

Wiki nzima nimehangaika bure! Nimerudi mbio, nimechapisha madodoso mapya, yako ndani ya koti. Mtaa wetu utaisha wiki ijayo, lakini Domla anataka mitaa miwili. Watu wa huo wa pili bado sijawakosea chochote. Kesho naenda kuanza.