Koti Langu la Kitani Kwenye Treni ya Marsa Matruh

Jumatano, 7 Julai 1954

Mimi nina bahati mpaka inatia aibu. Leo kiwandani kwetu, pale tunapochapa vitabu vya shule, tumechezesha kura ya nyumba ya ufukweni Marsa Matruh. Wiki nzima, bure! Wafanyakazi kumi na wawili, karatasi kumi na mbili ndani ya tarbushi ya meneja. Meneja akafumba macho, akachovya mkono, akasoma: Wagdi! Nilishangaa vizuri sana. Nilishangaa mpaka nikakaa chini.

Bayumi, fundi wa mashine, akanikazia macho. Akasema bahati yangu ina miguu, tena inajua njia. Wivu tu. Nikamsamehe palepale. Akatangaza kwamba atakwenda Matruh vilevile, na mkewe na watoto wake watano, walale kwenye hema. Akalale!

Nyumbani nikampa Ihsan ufunguo. Miaka kumi na moja ya ndoa namwahidi bahari, na kila kiangazi linazuka jambo. Mke wangu aliushika ule ufunguo kwa mikono miwili, kama kifaranga. Safari hii lazima aione bahari, hata kama nitambeba mgongoni kutoka Kairo.

Ijumaa, 9 Julai

Mama mkwe anakuja. Nani kamwalika? Hajjat Tafida haalikwi, hutokea tu. Ametokea na godoro, jiko la mafuta ya taa, gunia la vitunguu na bata. Bata mzima, mwenye maoni yake.

Mpango wangu wa kesho ni kama ifuatavyo. Kiti cha treni ya Matruh ni cha yule aliyetangulia kurusha kitu chake dirishani. Kofia, mto, hata tikitimaji. Haijaandikwa popote, lakini hata polisi anaiheshimu. Bahari iko upande wa kulia. Mimi nitarusha koti langu jipya la kitani. Mtu akiona kitani anajua hapa pana bwana.

Hajjat akasema nirushe bata, maana hajazaliwa mtu wa kumkalia bata aliye hai. Nikamwambia, Mama, mimi nimesafiri, nimefika Port Said mara mbili. Akajibu kwamba bata naye amesafiri, katoka Tanta.

Jumamosi, 10 Julai (ndani ya treni)

Mrusho wa kifalme! Behewa la tatu, dirisha la kulia. Koti likatua likajitandaza, likashika nafasi tatu peke yake. Umati ulipaswa kupiga makofi.

Badala yake umati ukatusukuma hadi behewa la tano. Ujia wote umezibwa na magodoro. Hapiti hata paka. Ufunguo wa nyumba uko kwenye koti, mfuko wa kulia. Katika mfuko wa kushoto kuna kitu kingine. Afadhali nisikiandike.

Treni iliposimama Iskandaria nikashuka, nikakimbilia dirisha langu. Nani kakaa? Bayumi! Na watoto watano wamejipanga kama herufi. Na koti kalivaa! Nikapiga kelele kwamba hilo koti ni langu. Bayumi akawauliza abiria, jamani, koti hili la nani? Behewa zima likaapa kuwa ni lake, kwani wamemwona nalo tangu Kairo. Tena linamkaa vyema kuliko mimi. Filimbi ikalia. Nikakimbia.

Sasa mimi na Ihsan tumekalia gunia la vitunguu, upande wa kushoto. Mandhari: jangwa. Ngamia mmoja. Jangwa.

Hajjat? Alimrusha bata dirisha la kulia. Watu watatu wakaruka juu. Amekaa kama malkia na anatutangazia: Ihsan mwanangu, imekuwa ya kijani! Sasa buluu! Kati yetu na yeye amelala sajini mnene. Nilimshauri Ihsan asimame achungulie. Akasema hakungoja miaka kumi na moja ili aione bahari kupitia kwapa la sajini. Hajanitazama tena tangu hapo.

Jumapili, 11 Julai

Jana alasiri tulifika. Bayumi alishawahi gari la punda la kwanza. Tulipofika nyumbani kwangu, kamba ya baraza ilikuwa imejaa nguo za watoto wake.

Nikapanda ngazi nikinguruma. Nikasema huu ni wizi, nitamwandikia meneja. Bayumi hakubisha. Alitia mkono mfuko wa kushoto wa koti langu, akatoa karatasi ndogo ndogo, akasoma polepole. Bayumi. Fahmi. Bisharah. Hapo akaacha kusoma, akaniuliza kwa upole: bwana wangu, kama majina yetu yalikuwa mfukoni mwako, ndani ya tarbushi mlikuwa na nini?

Nikamwambia karibu nyumbani, fundi.

Wakati huo Ihsan alitupita sote. Alivua viatu. Akaingia majini na gauni lake jeupe mpaka kiunoni, akasimama. Halafu akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu arusi yetu. Bayumi akamtazama, akanitazama mimi, akazirudisha karatasi mfukoni. Mfuko wake, yaani wangu. Akaamua: wao ndani, sisi barazani. Mkate na barafu kila asubuhi ni kazi yangu. Hajjat na bata wakapewa chumba.

Jumatano, 14 Julai

Barafu ni nzito. Bayumi huenda kununua samaki akiwa na koti langu, na wauzaji humwita bey, yaani bwana mkubwa. Nimewafundisha watoto wake kuogelea, nikiwa mchangani, kwa maneno. Wawili tayari wanaelea. Ihsan amekuwa mweusi na mzuri, hulala miguu ikielekea mawimbi.

Jumamosi, 17 Julai (ndani ya treni)

Nimekubali ushauri. Nimemrusha bata! Upande wa kulia, upande wa bahari. Nafasi nne safi! Treni ikaondoka, tukatazama nje: jangwa. Mbona hakuna aliyenikumbusha kuwa tunarudi? Hajjat alicheka mpaka sajini yuleyule akaamka. Ihsan akanipigapiga goti, akasema si kitu, ameshaiona.

Bayumi ameketi kando yangu. Amenong'ona kwamba mwaka ujao tugawane, karatasi sita jina langu, sita jina lake. Nimekubali. Safari hii zile halisi nitazichoma kwanza.

Na lile la bahati nililoandika siku ya kwanza ni uongo. Sina bahati hata ya kuokota kifungo. Karatasi zote kumi na mbili nilizozitia ndani ya tarbushi zilikuwa na jina langu.