Nikolaus Aumwa Jina

Watu wa Morotonga huumwa malaria, huumwa mgongo wakati wa palizi, na wengine huumwa wivu jirani akiezeka bati. Nikolaus Werema peke yake aliumwa jina!

Ugonjwa ulianza hivi. Huku kwetu mtu akishapata mtoto, jina lake mwenyewe hutundikwa darini kama jembe bovu. Unaitwa kwa mtoto wako mpaka siku unashushwa kaburini. Nikolaus alikuwa na mabinti wanne, wa kwanza Gati, kwa hiyo kwa miaka kumi na minne amekuwa Baba Gati. Sasa nenda mnadani uite, "Baba Gati!" Wanageuka wanaume saba na mbuzi mmoja.

"Mwanaume mwenye sharubu kama hizi," alikuwa akilalamika, "nichangie jina na watu sita? Mimi ni bomba la kijiji?"

Basi Mungu alipompa mtoto wa kiume, mkewe Boke hata hajamaliza uji wake wa uzazi, Nikolaus alishatangaza. Mtoto huyu atapewa jina ambalo halijawahi kukanyaga wilaya ya Serengeti! Na yeye, baba mtu, ataitwa kwa jina hilo maisha yake yote. Roho yake yote ilikuwa hapo. Mtoto alikuwa mlango tu wa kupitia.

Akanunua kaunta buku. Akawa anashinda stendi ya Mugumu na simu yake, anatafuta majina adimu ya kiume, maana yake na asili yake. Wiki moja tu akawa profesa. Ukikutana naye njiani anakagua jina lako kama bwana mifugo anavyokagua meno ya ng'ombe mzee.

"Felix?" alimwambia mwalimu wetu wa kwaya. "Kilatini hicho. Mwenye bahati. Ni jina zuri, ila limeshachuja rangi."

Akamgeukia Okech, yule Mjaluo anayetuuzia dagaa. "Na wewe, Okech, aliyezaliwa wakati wa njaa. Pole sana, ndugu yangu."

"Pole ya nini, omera? Njaa ilikuja, ikanikuta, ikaondoka, mimi nipo hapa nauza chakula. Jina lako wewe limefanya nini?"

"Nikolaus ni Kigiriki! Maana yake ushindi wa watu!"

"Basi watu wameshinda," Okech akasema, akafukuza nzi kwenye dagaa. "Wewe je?"

Mama yake mzazi, bibi Wegesa, alijaribu kumtibu kwa upole. Nilikuwepo, tunachambua maharage.

"Nikolaus, mura, kijana wangu, mpe mtoto jina la marehemu baba yako. Werema."

"Mama, Werema ni jina la msimu wa kulima. Linaanzia shambani, linaishia shambani. Halina hadhi!"

"Sawa. Baba yako ni Werema, wa kulima. Mimi ni Wegesa, wa kuvuna. Na tulichovuna ni wewe." Bibi akatupa harage bovu pembeni. "Sijui mbegu ile tulinunua wapi."

Siku ya Jumanne ugonjwa ukapanda kichwani. Nikolaus alikuwa anafungua orodha ya majina ya watu wa Maandiko Matakatifu, na kule chini kabisa akakutana nalo, refu kama safari ya Mwanza: Mahershalalhashbazi! Akabonyeza aone maana. Bando likaisha! Jina limeshuka kwenye simu, maana imebaki huko huko mnarani.

Mtu mwingine angeongeza salio. Mtu mwingine angefungua Maandiko nyumbani kwake. Lakini ya Nikolaus yanakaa juu ya kabati, yamelaliwa na redio, na redio ile haijahamishwa tangu wafunge ndoa.

"Jina refu hivi," aliwaza, "haliwezi kubeba maana ya mtu mdogo." Akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye kaunta buku: Mfalme wa nchi saba. Akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Kuanzia hapo tukapewa mazoezi. Majuma matatu mazima! Watoto wa jirani walifundishwa kumwamkia, "Shikamoo, Baba Mahershalalhashbazi," na aliyekosea alirudishwa kuanza upya. Vijana wa bodaboda walikuwa wakianza kulitaja akiwa anatokea kwa fundi baiskeli, na kabla hawajafika "bazi" ameshapotelea kwenye mahindi. Kule kliniki muuguzi aliliandika kwenye kadi, nafasi ikaisha, akapanda nalo pembeni, akaingia kwenye mchoro wa uzito. Ukiitazama kadi ile haraka, mtoto wa wiki tano ana kilo kumi na nne!

"Jina hilo nikilitaja mara mbili," alisema Okech, "dagaa wangu wameoza."

"Utazoea," Nikolaus alimjibu. "Wafalme wote walikuwa wagumu kutamka."

Na kweli, watu wakazoea. Hilo ndilo lililokuja kumponza.

Jumapili ya ubatizo kanisa likajaa. Nikolaus alivaa koti la harusi yake, ambalo lilimbana mpaka akawa anapumua kwa zamu. Mchungaji Joel ana utaratibu wake: mzazi husimama mbele ya watu, anataja jina la mtoto na maana yake, ndipo maji yanaguswa.

Kwenye benchi la mbele alikaa Mzee Kisyeri, baba yake Boke, aliyetoka Issenye alfajiri na mtamba wa kumzawadia mjukuu. Mtamba amefungwa nje kwenye mti, tunamsikia akilia. Mzee huyo mwaka jana wezi walimfungulia zizi wakaondoka na ng'ombe kumi na mmoja. Alifuata nyayo siku mbili, akarudi na kamba tu. Tangu hapo ukitamka neno "mwizi" mbele yake, anashika fimbo kwanza, anauliza baadaye.

"Jina la mtoto?" Mchungaji akauliza.

Nikolaus akavuta pumzi yote iliyoruhusiwa na koti. "Mahershalalhashbazi!"

Kanisa likasema, "Aaah!" Hata mimi nilisema, Mungu anisamehe.

"Na maana yake?"

"Mfalme wa nchi saba!"

Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Baba Gati, hiyo maana umeipata wapi?"

"Kwenye utafiti, Mchungaji."

"Maana jina hili nalijua. Nabii aliambiwa ampe mwanawe jina hilo liwe ishara kwamba nchi za jirani ziko karibu kuporwa mali zote." Akafungua Maandiko, akaangalia maelezo ya chini ya ukurasa kwa kidole, hana haraka. "Maana yake ni hii: haraka kuteka nyara, upesi kunyang'anya."

Wanaume wa huku wakisikia kuteka na kunyang'anya, kila mmoja kichwani anahesabu ng'ombe zake. Wawili walitoka nje kabisa kwenda kuangalia!

Mzee Kisyeri akasimama. Kwa mila zetu mkwe na mkwe wanaheshimiana mno, hawagombani uso kwa uso. Kwa hiyo mzee alimwangalia Mchungaji, ingawa Nikolaus alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

"Mchungaji, mwulize huyo bwana. Mimi nilimpa binti yangu kwa amani?"

Mchungaji akageuka. "Anauliza, alikupa binti kwa amani?"

"Kwa amani, baba," Nikolaus akajibu viatu vyake.

"Mwulize tena. Haraka kuteka, anateka ya nani? Upesi kunyang'anya, mwenye zizi la karibu ni nani kama si mimi babu yake?"

"Mchungaji, mwambie baba sikujua! Bando liliisha!"

"Mwambie mtamba wangu anarudi Issenye leo leo. Hawezi kulala boma moja na jina hilo!"

Hapo kwaya ilishindwa. Felix alijifunika uso na kitabu cha nyimbo, mabega yanatetemeka, na sisi nyuma yake tukaanguka kama maboga. Nikolaus jasho linamtiririka, kifungo cha koti kikaruka kikampiga mzee wa kanisa shavuni.

Boke, ambaye majuma yote matatu hajatia neno, akainuka na mtoto wake.

"Mchungaji, maji yanapoa. Mtoto anaitwa Werema."

"Maana yake?"

"Atalima."

"Amina!" akasema Mzee Kisyeri, akakaa. Bibi Wegesa alipiga vigelegele mpaka mtoto akashtuka. Maji yakamiminwa, na mtamba akaachwa Morotonga.

Sasa ungedhani Nikolaus amepona, ameshakuwa Baba Werema, jina la heshima la baba yake. Lakini majuma matatu ametufundisha kumwita kwa lile jingine, na siku ile kanisa zima likajifunza tafsiri yake, iliyo fupi na tamu mdomoni. Tulijaribu kuacha, jamani. Ulimi hauna breki! Baba Nyara huku, Baba Nyara kule.

Mwezi uliopita akaona bora atafute dume la kulimia mbali, Kisaka, ambako hakuna anayemjua. Akakodi bodaboda ya hapa hapa kwetu. Akamkuta mzee mmoja mwenye zizi, akamwamkia vizuri, wakaelewana bei.

"Nikuite nani, bwana?" mzee akauliza, huku anamfungulia dume kamba.

"Baba Werema," Nikolaus akasema kwa sauti ya unyenyekevu.

"Jina la wakulima hilo! Karibu sana."

Ndipo kutoka barabarani yule wa bodaboda akapiga honi, akapaza sauti: "Baba Nyara! Ee, Baba Nyara! Chukua ng'ombe twende!"

Mzee akamtazama Nikolaus. Akamtazama dume. Akafunga ile kamba tena, akapiga na fundo la pili, kisha akawaita wanawe waliokuwa nyuma ya nyumba:

"Hebu hesabuni na mbuzi."