Pikipiki, Mama Mkwe na Udongo wa Nyanya

Jumamosi, 5 Julai 2025

Imefika! Pikipiki yangu. Mpya, ndefu, rangi ya mchanga, matairi yana meno kama ya trekta. Imetengenezwa kwa ajili ya majangwa. Mimi naishi Tumba, huku ughaibuni, lakini nyuma ya Tumba kuna Grödinge, na Grödinge ina barabara za changarawe zinazopotelea msituni. Nitazipita zote! Nikikaa juu yake, vidole vya miguu tu ndivyo vinavyogusa chini. Raha.

Mke wangu Natacha aliizunguka mara moja tu. Akasema mama yake anakuja Jumanne kutoka Gitega, na yeye ndiye atakayeamua. Mama akisema ibaki, itabaki. Akisema iuzwe, itauzwa. Nikakubali papo hapo. Nikasahau kuwa atakayempokea uwanja wa ndege ni shemeji Janvier wa Bredäng, kaka yake Natacha, mwenye gari la umeme, anayesema pikipiki ni njia ya mkato ya kwenda kaburini.

Jumatatu, 7 Julai

Grödinge! Barabara ya kwanza ya changarawe: tairi la nyuma likacheza kidogo, roho ikaruka. Nikageuza. Yaani nilishuka nikaisukuma, ng'ombe wakinitazama. Barabara ya pili niliiangalia tu nikiwa kwenye lami. Nzuri sana! Maua ya zambarau pande zote, kisha miti, kisha sijui nini. Nilitaka kujua. Sikwenda.

Tatizo: pikipiki imerudi safi. Mama ataona amemwoza bintiye kwa mwoga. Kwa hiyo, mpango. Udongo wa makopo Natacha aliyopandia nyanya pale roshani, maji kidogo, brashi ya rangi. Nimepaka taratibu, nimerusha matone mpaka kwenye taa. Ukiiona utadhani imevuka Sahara. Najipongeza.

Jumanne, 8 Julai

Mama Veneranda amefika. Mrefu, kitenge kizito, mkoba mweusi usiobanduka mkononi. Janvier kabeba masanduku yote kama mtoto mwema, na njiani keshamjaza maneno.

Mama akaomba aione pikipiki. Akaizunguka polepole. Akakwangua udongo kwa ukucha, akausugua kati ya vidole. Akabandua jani la mnyanya kwenye bamba la kuzuia tope. Akanitazama. Akaingia ndani! Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Alhamisi, 10 Julai

Mungu yupo. Janvier alimpeleka Mama msituni kwa gari la umeme, wakarudi chai haijapoa. Mashimo! Gari likakwaruza tumbo, Janvier akageuza. Mama kanuna. Alimwuliza mwanawe mtu anarudije kutoka kwenye njia ambayo hajaona inaishia wapi. Kisha akatangaza kuwa Jumamosi atapelekwa na mkwe.

Nilishangilia. Halafu nikakaa chini. Atanishika kiuno? Mama mkwe! Kwetu Meru baba yangu akimwona mama mkwe wake njiani alikuwa akiingia migombani mpaka apite. Sasa mimi nimpakie?

Mpango wa pili: godoro la kambi, lile la kukunja, litafungwa katikati yetu. Yeye atashika godoro, heshima itabaki. Natacha alicheka mpaka akashika ukuta. Binti yetu Nala akafunika uso akasema, "Pappa, snälla," yaani baba, tafadhali, kwa Kiswidi. Siku hizi ndivyo anavyoniombea.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika yote.

Mama alipanda kama mtu anayekaa kwenye kiti chake cha jikoni. Hakunishika. Hakushika godoro. Mkono mmoja kwenye chuma cha nyuma, mwingine kwenye mkoba. Gitega amepanda pikipiki za abiria tangu Natacha yuko mgongoni, mvua na jua. Mimi nimeng'ang'ania usukani, yeye anasalimia farasi.

Changarawe ikaanza. Nikapunguza mwendo. Nikasikia nyuma ya kofia: "Mukwe, usiangalie tairi! Angalia kule mbele kwenye unaenda!" Nikaangalia mbele. Jamani! Pikipiki ikanyooka yenyewe. Tukapita ile barabara niliyoiogopa, tukaingia msituni, masanduku ya barua yamepangwa njia panda, nyumba nyekundu, kisha ziwa limetulia hakuna mtu. Nilipiga kelele kwa furaha. Mama naye.

Kisha dimbwi. Mama akasema usisimame. Nikasimama. Katikati. Vidole vyangu vikatafuta chini, hapakuwa na chini. Tulianguka polepole, kwa adabu. Yaani mimi nilianguka. Mama alikuwa tayari yuko nyasini, mkavu, mkoba mkononi, godoro kwapani.

Alicheka sana. Kisha akavua viatu, akaingia topeni, akaniambia nikipe kiti mgongo na nisukume kwa miguu. Tukainyanyua pamoja. Mikono yetu ikagongana kwenye usukani. Mbingu hazikuanguka. Sijawahi kumheshimu mtu namna hii maishani mwangu.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada, hukumu mezani. Janvier yupo, katabasamu tayari. Mama akasema: "Pikipiki haina kosa. Ibakie. Mwenye kuiendesha ndo bado." Kwa hiyo ufunguo atautunza yeye, na mpaka arudi kwao siendi popote bila yeye nyuma. Janvier akakohoa.

Halafu, mbele ya wote, Mama akatoa mkobani lile jani la mnyanya. Akasema udongo wa dukani una chembe nyeupe, na mkulima hadanganywi na matope. Natacha akageuka kuitazama roshani. Nimetubu. Nimeapa sitamdanganya tena Mama Veneranda. Mama huyu ni dhahabu!

Jumatano, 16 Julai

Wazo! Kigari cha kufungwa ubavuni mwa pikipiki! Mama akae humo na mkoba wake, kama malkia, bila godoro. Nimekipata cha mtumba, Natacha hajui. Nitasema nilikuwa nacho siku zote, kimechakaa kwa safari. Tatizo ni moja, aliyekuwa nacho alikitunza mno, kinang'aa. Mama atakikagua kesho.

Roshani limebaki kopo moja la nyanya. Safari hii nimezitoa chembe nyeupe zote. Natafuta brashi.